Usiuze kiwanja cha Nyakato kabla hujaiona masika ya huko kijijini

Ndugu yangu, umeuliza kama maisha ya kijijini yana nafuu kuliko ya hapa Mwanza, ukataja shule za watoto, matibabu na gharama za chakula, kisha mwishoni ukadokeza kwamba umepata mteja wa kiwanja chako cha Nyakato ili ununue shamba la ufukweni upande wa Magu. Hilo la mwishoni ndilo lililonishtua. Usiuze.

Mimi niliuza. Agosti 2019 dalali mmoja, mwenye maneno ya kuteleza kuliko mlenda, alinionyesha shamba ambalo ziwa lilikuwa mbali nalo kiasi kwamba nilimuuliza kama mipira ya pampu ingefika. Alicheka, akanionyesha mkuyu uliokuwa mbele yetu, akasema tangu enzi za babu yake maji hayajawahi kuugusa. Nikauza nyumba yangu ya Buhongwa, ambayo vyumba vyake viwili vya wapangaji vilikuwa vikinilisha hata nikiwa nimelala, nikanunua shamba, pampu, mbegu za nyanya na kofia pana ya mkulima. Kofia bado ninayo.

Mvua za vuli mwaka ule zilipitiliza, masika yakaikuta ardhi ikiwa bado imelowa, na kufikia Mei 2020 Ziwa Victoria lilikuwa limeivuka hata rekodi ya 1964. Mkuyu ulisimama ndani ya maji, magugu maji yakatanda juu ya matuta yangu, na miche iliyosalia upande wa juu ikamalizwa na viboko usiku. Jamaa zangu wa mwaloni Kirumba waliniuliza kama sasa ninafuga sato. Niliwajibu kwamba bado natafuta vifaranga.

Ziwa silidai kitu. Ninayemdai ni yule dalali, ambaye alijua vizuri kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na kwamba zaidi ya nusu ya shamba langu ilikuwa humo. Karatasi ya mauziano aliipeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji tu. Halmashauri ya Kijiji haikuiona, na mkutano wa kijiji haukuwahi kusikia jina langu. Nilipompigia simu, alinishauri nilime mpunga.

Sikatai kwamba kijijini muhogo na dagaa havikuniumiza mfuko. Lakini wewe pangisha cha Nyakato, kodi shamba hilo hilo kwa mwaka mzima, ulale huko mwezi wa nne mvua ikinyesha, kisha uchukue futi kamba upime mita 60 ukiwa na mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji, si dalali. Mwenye shamba akikataa kukukodisha na kung'ang'ania kukuuzia wiki hii hii, panda gari urudi Nyakato, na huyo mteja wako mwambie kiwanja hakiuzwi.