PS Vita ukiwa Amu (Lamu): ipi ya kutafuta, na namna ya kuikagua

Sony iliacha kutengeneza PS Vita, mashine yake ya gemu ya mkononi, mwaka 2019. Kila Vita inayouzwa leo imeshapita mikononi mwa mtu, na anayeitaka akiwa Lamu ataipata kwa njia mbili: kwa muuzaji wa mitumba ya elektroniki Nairobi au Mombasa, au kwa kuiagiza Japani, ambako bado ziko nyingi zilizotunzwa vizuri. Ukiagiza nje, weka kando pesa za forodha tangu mwanzo, kwa sababu VAT peke yake ni asilimia 16 na haiji bila ushuru na ada nyingine.

Kuna matoleo mawili, na namba ya toleo imeandikwa kwenye mwili wa mashine yenyewe. PCH-1000 ndiyo ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 2011. Skrini yake ni ya OLED, weusi wake ni weusi kweli, na wapenzi wengi wa Vita hawataki kusikia nyingine. PCH-2000 ilitoka 2013: skrini ya LCD, nyembamba zaidi, ina uzito wa gramu 219 badala ya 260, na chaji yake inakaa muda mrefu kidogo kuliko ya kwanza.

Kwa mtu wa kisiwani, ushauri wetu ni PCH-2000, na sababu ni waya wa chaji. Ya 2000 inatumia micro USB, waya ambao utaupata kwenye duka lolote la simu kuanzia Langoni hadi Shela. Ya 1000 ina tundu lake la pekee. Waya huo ukikatika au meno yake yakishika kutu, utasubiri mwingine uagizwe, uje kwa basi hadi Mokowe, uvuke kwa boti, na muda wote huo mashine imelala. Hewa ya chumvi hula meno ya chaji mapema, kwa hiyo waya ni kitu utakachobadilisha zaidi ya mara moja.

Memori kadi itafute kabla ya mashine. Vita haipokei microSD ya kawaida. Inataka kadi yake maalumu ya Sony, za GB 4, 8, 16, 32, na za GB 64 zilizouzwa Japani na sehemu za Asia. Kadi hizi ni adimu na bei yake huumiza. Ya 1000 haina hifadhi ya ndani, hivyo bila kadi kuna gemu ambazo hazitahifadhi hatua uliyofikia. Ya 2000 ina GB 1 ndani, lakini ukishachomeka kadi nafasi hiyo haitumiki, hazijumlishwi. Ukiona mashine inauzwa pamoja na kadi ya GB 16 au 32, ihesabu kadi hiyo kama sehemu kubwa ya thamani. Adapta za kutumia microSD zipo, ila zinafanya kazi tu kwenye mashine iliyobadilishwa mfumo wake. Muuzaji akikuonyesha adapta hiyo, jua unanunua mashine iliyoguswa.

Muuzaji akiwa mbali, usikubali picha. Omba video moja isiyokatwa: aonyeshe namba ya toleo, awashe, aingie kwenye mipangilio hadi taarifa za mfumo, kisha achomeke chaji mpaka alama ya kuchaji ionekane. Aburute ikoni kutoka kona moja ya skrini hadi nyingine ili sehemu iliyokufa mguso ijitokeze. Afungue gemu na aachilie vijiti vya kuongozea. Mhusika wa gemu akitembea mwenyewe, kijiti kimechoka. Kinabadilishwa, lakini cha 1000 hakiingii kwenye 2000. Kwa OLED, omba aonyeshe picha nyeusi chumba kikiwa na giza, kisha picha nyeupe. Madoa na alama za ikoni zilizoganda zitaonekana hapo, na hizo hazina dawa isipokuwa kubadilisha skrini.

Angalia pia mshono wa ubavuni. Ukiwa umeachana, betri imevimba, na mashine hiyo usiichaji. Betri ya 1000 ni SP65M, ya 2000 ni SP86R, na hazibadilishani. Fundi wa simu mwenye bisibisi ndogo ya msalaba ya PH00 anaweza kuibadilisha, mradi atoe kwanza kadi zote mbili, ya memori na ya gemu, na asivute kifuniko cha nyuma kwa nguvu, kwa maana sehemu ya mguso ya nyuma imeshikana na bodi kwa utepe mwembamba unaochanika upesi.

Kabla hujalipa, mwambie muuzaji airejeshe mashine kwenye hali ya kiwandani, kwa kuwa Vita hushika akaunti moja tu, na kadi nayo hufungamana na akaunti. Ya Japani ina Kiingereza, ila kitufe cha kukubali ni duara badala ya msalaba. Gemu za kadi zinacheza popote zilikonunuliwa. Nyongeza za kupakua ndizo zinazotaka akaunti ya nchi ileile.

Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za duka la PlayStation, hivyo akaunti utaifungua kwa nchi nyingine, na nchi hiyo haibadilishwi baadaye. Vocha ya kujaza salio la duka lazima ilingane nayo. Tangu Oktoba 2021 huwezi kulipa kwa kadi ya benki kwenye Vita yenyewe. Unajaza salio kwa vocha, au kupitia simu au kompyuta. Akaunti yenye uthibitisho wa hatua mbili itakataa nenosiri la kawaida. Ingia kwenye akaunti kwa simu, tengeneza nenosiri la kusajili kifaa, ulitumie hilo.

Vita isipoona intaneti, mara nyingi haina ubovu. Inasoma GHz 2.4 peke yake. Ukiwasha hotspot ya simu, iweke kwenye GHz 2.4 na usalama wa WPA2.

Iliyokaa miezi bila chaji huonekana imekufa. Iache kwenye chaji nusu saa au zaidi kabla ya kukata tamaa. Ikiganda, izime kwanza, kisha shika R, kitufe cha PS na cha kuwasha kwa pamoja kwa sekunde tano au zaidi uingie hali salama.

Iweke ndani ya boksi lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, betri ikiwa karibu nusu. Kwenye boti ifunge kwa mfuko usiopitisha maji. Ikilowa maji ya bahari, izime, usijaribu kuiwasha wala kuichaji, na uipeleke kwa fundi siku hiyohiyo atoe betri na kusafisha bodi kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi. Chumvi ikishakauka humo ndani, kutu huanza hata kama mashine bado inawaka.