Kabla hujanunua kipimo cha vinasaba, uliza baba mdogo alifariki na miaka mingapi

Wiki hii dada mmoja msomaji wangu ameniandikia. Baba yake alianguka bafuni akiwa na miaka 46, baba mdogo akafuata na 49. Yeye ni mwembamba, hanywi, havuti, na ameona tangazo la kampuni ya nje inayopima hatari ya moyo kwa mate. "Kaka, nitume hela?"

Nimemwambia asubiri. Jibu lilikuwa refu, nikaona niliweke hapa, maana najua mko wengi mnaotaka kuwaona wajukuu wenu huku ukoo ukiwatisha.

Kwetu wanaume hawafiki hamsini. Kauli hiyo nimekua nayo, na ilikuwa na maelezo yake: shamba la babu, mke wa pili, macho ya watu. Baba alipofariki, msibani wazee walikuwa wanataja jina la jirani kwa kunong'ona. Baadaye nilisimama kwenye kikao cha ukoo nikasema huu ni ugonjwa wa kurithi, twendeni tukapime. Walicheka. Baba mkubwa akasema, mke wangu akiwepo, kwamba shule imeniharibu. Sijasahau, na sioni kwa nini nisahau. Leo watoto wa baba mkubwa huyo huyo ndio wananipigia usiku kuuliza dawa inanywewa kabla ya kula au baada.

Kilichonifungua macho ni miguu ya shangazi. Tulikuwa tumekaa mkekani kwenye arusi, amevua viatu, nikaona nyuma ya vifundo vya miguu, kwenye ile kano nene inayoshuka kisiginoni, uvimbe mgumu huku na huku. Hauumi. "Viatu hivyo, mwanangu," akasema. Kumbe ni lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) imejikusanya ndani ya kano. Nilipokwenda kupima, daktari aliniminya kisigino kwa kidole gumba kabla hata hajafungua majibu ya maabara. LDL yangu, ile lehemu mbaya, ilisoma 7.6 (kwa kipimo cha mmol/L). Mtu wa kawaida wanataka awe chini ya 3. Mtu mzima akifika 4.9, hapo daktari anatakiwa aanze kuulizia ukoo.

Maelezo yake si marefu. Ini lina vipokezi vinavyonasa LDL na kuiondoa kwenye damu. Waliogundua hilo, Brown na Goldstein wa Texas, walipewa Nobel mwaka 1985. Ukirithi kinasaba chenye kasoro kutoka kwa mzazi mmoja, vipokezi vinavyofanya kazi vinapungua, na mishipa inaanza kujaa tangu utotoni, uwe mnene au mwembamba. Tuko takriban mtu 1 katika kila 250. Kila mtoto wako ana nafasi nusu kwa nusu. Bila tiba, karibu nusu ya wanaume wa aina yetu moyo huwa umeshawaangusha kufikia miaka 50. Shamba la babu halikuwa na kosa lolote.

Urithi nao si balaa tupu. Kuna kinasaba kinaitwa PCSK9, kazi yake ni kupunguza vipokezi hivyo vya LDL. Mwaka 2003 watafiti walikikuta kwenye familia za Ufaransa kikifanya kazi kupita kiasi, na lehemu zao zilikuwa juu. Mwaka 2006 Cohen na Hobbs, nao wa Texas, wakaonyesha kwamba kama asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliowachunguza wamezaliwa na toleo lililozimwa: LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilipungua kwa asilimia 88. Ndipo zikatengenezwa sindano za kukizuia. Kwa hiyo mjomba wako anayekula nyama choma kila Jumamosi na anagonga tisini, msimuige. Huenda kazaliwa na kinga ambayo wewe huna.

Sasa mate. Vipimo vingi vya namna hiyo vinajumlisha mabadiliko madogo madogo ya vinasaba na kukupa alama, na alama hizo zimetengenezwa zaidi kutokana na watu wenye asili ya Ulaya. Kwetu Waafrika zinabahatisha. Anza na LDL. Maabara nyingi zinapima. Waulize shangazi zako nani alifariki ghafla na umri gani, usikubali jibu la "presha tu". Halafu pima LDL. Ndiyo, nimerudia, na nitarudia mpaka mnichoke, kwa sababu wanaume mnapima mafuta ya gari kila wiki na ya kwenu hamjawahi. Nami niliyekuwa na 7.6 sasa niko chini ya 2, kwa vidonge, na umri wa baba nimeupita.

Na wewe dada, kwa kuwa umesema mnapanga mtoto mwaka huu: ukikutwa na ugonjwa huu, mwambie daktari hilo kabla hajaandika dawa, maana statini, vile vidonge vya kushusha lehemu, kwa kawaida husimamishwa mama anapotafuta mimba. Mtoto naye apimwe LDL akiwa kati ya miaka 5 na 10, asisubiri kisigino kivimbe.