Jengo jipya halitoshi kuwa kipimo

Sheikh, umeuliza kama hospitali mpya zilizojengwa Unguja na Pemba ndiyo dalili kuwa huduma imekuwa bora. Majengo tunayahitaji sana, lakini jengo halikwambii mgonjwa katoka vipi. Avedis Donabedian, daktari aliyetafiti ubora wa huduma za afya, alieleza mwaka 1966 kuwa ubora utazamwe pande tatu: nyenzo zilizopo, kazi inavyofanywa, na matokeo kwa mgonjwa.

Chukua upasuaji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa kabla ya nusu kaputi, kabla ya kupasua, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani: ni nani huyu, anapasuliwa sehemu gani ya mwili, kapewa dawa ya kuzuia maambukizi, vifaa vimehesabiwa vyote? Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ikiwa Ifakara, hapo bara tu. Baada ya kuanza kutumika, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Wallahi, hayo ni maisha ya watu!

Ila orodha ikijazwa baadaye ili faili litimie, haimkingi mtu. Ukimpeleka mzee wako kupasuliwa, hospitali ya Mnazi Mmoja au ya Abdalla Mzee, uliza kwa adabu: orodha ya usalama mnaisoma kwa sauti, timu nzima ikisikia?