Kijana wa Kwaya, Usiiache Kwaya

Wiki iliyopita kijana mmoja anayepiga kinanda katika kwaya aliniuliza kama aachane na nyimbo za kanisani ili awe mpiga jazi kamili. Nilichelewa kumjibu, kwa kuwa swali lake lilinigusa pabaya.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nikipiga piano katika hoteli moja ya Dar es Salaam. Usiku mmoja mzee mmoja aliomba wimbo wa Morogoro Jazz, bendi ya zamani ya muziki wa dansi licha ya jina lake, nami nikamjibu, mbele ya wenzake, kwamba mimi napiga jazi tu. Nilidhani nimesema neno la maana. Mwisho wa mwezi mkataba wangu haukuongezwa, na kiti changu akapewa mtu aliyepiga rumba, taarabu na chochote alichoombwa. Hadi leo nikilipita jengo lile hutazama upande wa pili.

Aliyenizindua ni Herbie Hancock, mpiga piano wa jazi wa Marekani, mzaliwa wa Chicago mwaka 1940, ambaye akiwa na miaka 11 alipiga muziki wa Mozart pamoja na okestra kuu ya jiji hilo, na mwaka 1963 akaingia katika kundi la mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, Miles Davis. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliongoza kundi ambalo wanamuziki wake walichukua majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga. (Wenye lugha tulikuwa wapi?) Kundi lile lilisifiwa lakini halikulipa, akalivunja, na mwaka 1973 akatoa Head Hunters, albamu ya fanki ya kuchezeka ambayo baadhi ya wapenzi wa jazi waliiita usaliti. Miaka 10 baadaye akaja na Rockit, ngoma yenye mikwaruzo ya santuri, kisha akapata Oscar kwa muziki wa filamu.

Hancock husimulia kwamba aliwahi kubonyeza noti zisizofaa kabisa katikati ya onyesho, naye Miles Davis, badala ya kukunja uso, akapuliza noti zilizozifanya zifae. Mimi niliombwa wimbo tu, nikakunja uso.

Kwa hiyo, kijana wangu, usiiache kwaya. Jifunze jazi kwa bidii, lakini usidharau muziki wa mtu, na ninarudia, usidharau, kwa sababu dharau haijamlipia mpiga kinanda yeyote kodi ya nyumba. Jumamosi hii ninapiga taarabu harusini Temeke. Nimeufanyia mazoezi wimbo mmoja kwa wiki 2, na mkono wa kushoto bado unakimbilia jazi.