Uliza Shangazi: Kodi ya kishamba imepanda, nigome?

*Shikamoo Shangazi. Nina kishamba cha kukodi cha halmashauri hapa Uingereza, mwaka wa nne sasa. Napanda mchicha, sukuma wiki, viazi, na maboga kwa ajili ya msusa, maana ule wa dukani ni ghali na unafika umenyauka. Nilikuwa nalipa pauni 38 kwa mwaka. Wiki iliyopita imekuja barua: kuanzia Oktoba ni pauni 71, na maji pauni 18 juu yake. Kazi yangu ni kuhudumia wazee, mshahara wenyewe mdogo. Wenzangu wanasema tusilipe mpaka watusikilize. Nifanyeje? — Mama wa wawili, Midlands*

Marahaba mwanangu. Usigome. Nimelima vishamba hivi miaka kumi na sita, na nimeona watu wakipoteza udongo walioulisha samadi miaka mingi kwa sababu ya hasira ya wiki moja.

Mpangaji anayelipa na kulima vizuri, sheria ya England inamlinda sana. Halmashauri ikitaka kumtoa lazima impe notisi ya miezi 12 au zaidi, na notisi hiyo haiwezi kuisha katikati ya msimu wa mazao, yaani baada ya Aprili 6 na kabla ya Septemba 29. Lakini sheria ya mwaka 1908 inasema kodi ikikaa siku 40 bila kulipwa, notisi ya mwezi mmoja inatosha. Ukigoma, ngao yako umeivua mwenyewe. Na ukishatoka, kurudi ni kupanga foleni, ambayo sehemu nyingi ni ya miaka.

Je, wanaruhusiwa kupandisha hivyo? Sheria ya mwaka 1950 haikuweka kiwango. Inasema tu kodi iwe ile ambayo ni haki kutarajia mpangaji ailipe kwa ardhi ile na kwa masharti yale. Ila kifungu hichohicho kinairuhusu halmashauri kumtoza kodi ndogo zaidi mtu mwenye hali ya pekee, na wengi wetu hatuombi kwa sababu hatujui. Halmashauri nyingi zina punguzo kwa wastaafu na kwa wanaopokea ruzuku ya serikali. Mshahara wako ukiwa unajazwa na ruzuku, waandikie leo, weka na nakala ya uthibitisho. Hiyo si kuomba sadaka, mwanangu.

Kisha toa mkataba wako kabatini usome sehemu ya kodi: wanatakiwa kukujulisha muda gani kabla ya kupandisha? Kama barua imekuja ndani ya muda mfupi kuliko huo, waambie, na utaje kifungu.

Jambo jingine, pima. Vishamba hivi mara nyingi hutozwa kwa rodi, kipimo cha kale. Rodi moja ya mraba ni mita za mraba 25 na ushee. Kishamba kizima kwa kawaida ni rodi 10, nusu ni 5. Mimi mwaka wa tatu nilichukua kamba ya kuanikia nguo, nikafunga fundo kila mita, nikamshikisha mwanangu ncha moja pale kwenye mti wa tufaha. Mita 9 kwa 11. Hazifiki hata rodi 4, na nilikuwa nalipia 5! Niliandika, akaja kijana na futi yake, akapima mara mbili, na mwaka uliofuata bili ikashuka.

Maji ndiyo yanayoniudhi mimi zaidi. Mwenye pipa lililojaa mvua ya paa la kibanda chake analipa sawa na anayeacha mpira ukimwagika mchana kutwa. Hapo ndipo umoja wa wenzako ungefaa: andikeni barua moja, wote mtie sahihi, muulize gharama halisi ya maji imegawanywaje, na muombe ongezeko la kodi ligawanywe kwa miaka miwili au mitatu. Waombeni pia mlipe kwa awamu.

Wakati mnasubiri jibu, lipa kwa tarehe, na utunze risiti.