Kontrola imekufa, imeungua au ina shoti: fundi umwambie lipi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi naendesha pikipiki ya umeme hapa Dar, mwaka wa pili sasa. Juzijuzi nikipita kwenye matuta chombo kinaacha kuvuta alafu chenyewe kinarudi, nikampigia fundi nikamwambia "kontrola imekufa", yaani kile kisanduku kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, akaja na kontrola mpya akafunga nikalipa, kesho yake tuta la kwanza tu mambo yaleyale. Kumbe nyaya mbili za swichi ya breki zilichubuka, chombo kikiruka zinagusana, basi kontrola inadhani nimeshika breki inakata. Fundi anasema kosa ni langu sikueleza vizuri. Binamu yangu anasema ningesema "ina shoti", mjomba wangu mwalimu mstaafu anasema Kiswahili sahihi ni "kidhibiti kimepata hitilafu". Nani yuko sahihi? Na waya wingi wake ni mawaya au nyaya?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa hasara. Kwanza niseme wazi, fundi alitakiwa kupima kabla ya kufunga kitu kipya, hilo sio la lugha na siwezi kukubebesha wewe. Ila neno ulilompa kweli lilimpeleka kusiko, na sio wewe peke yako, madereva wengi wanasema hivyohivyo.

Tuanze na mjomba. Kidhibiti ni neno zuri, limetoka kwenye kudhibiti, ukiandika mkataba au barua litumie bila wasiwasi. Lakini kontrola nayo ni Kiswahili tayari kama ilivyo betri, fyuzi na breki, inafuata sarufi yetu vizuri tu: kontrola yangu imeharibika, kontrola zetu zimeharibika. Usione haya kuisema. Hitilafu sasa, asili yake Kiarabu na maana yake ya kwanza ni tofauti, kutopatana, ndo maana tunasema ndugu wamehitilafiana. Kwenye mitambo maana yake kuna kitu hakijakaa sawa, basi, neno lenyewe halikutajii ni kipi. Ni neno la mtu ambaye bado hajapima na kwa hilo linafaa sana, lakini ukimwambia fundi "kuna hitilafu" hujamwongezea chochote, si ndo maana umempigia.

Shoti ya binamu ndo inaniogopesha zaidi maana inabeba mambo mawili. Kuna shoti ya umeme kupita njia ya mkato, waya kwa waya, na kuna shoti ya umeme kumpiga mtu. Kitenzi ndo kinatenganisha: nyaya zimepiga shoti, mimi nimepigwa shoti. Ukisema "ina shoti" tu umeondoa kitenzi, anayesikia kwenye simu hajui kama kuna kitu kimegusana ndani au ukishika chombo kinakurusha, na kwenye chombo cha betri ya volti 60 au 72 huo sio utani, tena ndani ya kontrola kuna kapasita, vipande vya kutunza umeme, zinazobaki na chaji hata betri ukishaichomoa. Binamu yako alikaribia, maana nyaya za breki kweli ziligusana, ila shoti haikuwa kwenye kontrola, kontrola ilifanya kazi yake sawasawa kabisa ilipoona breki imeshikwa.

Neno "moto" nalo ni hatari vilevile, maana waya wa moto ni ule wenye umeme, kontrola ya moto ni iliyopata joto, kontrola kushika moto ni kuungua na miali, na chombo kukata moto ni kuzima! Mtu akisema "kontrola ina moto" mi nataka kumuuliza mara tatu kabla sijasogea.

Sasa twende kwenye "imekufa". Hapo kuna -me-, kitu kimeisha, hakirudi. Chombo chako kilikuwa kinarudi chenyewe baada ya tuta! Kiswahili kina njia yake ya kusema hivyo na ulikuwa nayo mdomoni siku zote: waya umekatika ni mara moja na imeisha, umeme unakatika ni unatokea saa hizi, umeme unakatikakatika ni unakwenda unarudi unakwenda unarudi. Kule kurudia kitenzi peke yake kunamwambia fundi anayejua kazi kwamba asianze na kontrola, aanze na soketi zilizolegea na nyaya zilizochubuka, maana kontrola iliyoungua mosfeti, zile swichi za kielektroniki za ndani yake, haiponi kwa kuvuka tuta. Alafu taa zilikuwa zinawaka? Hukuandika, lakini kwa tatizo la breki ulilolieleza taa na dashibodi kwa kawaida hazizimi, ni mota tu inaacha kuvuta. Basi hapo sio "imezima", ni "haivuti". Kuzima ni vyote, na fundi akisikia imezima ataanzia kwenye betri, fyuzi na swichi ya funguo.

Vitenzi vingine vya hivi mnavyo barabarani na vinafaa kuliko majina. Ukiongeza mwendo mota "inatetemeka bila kuzunguka", fundi ataangalia zile nyaya tatu nene za kwenda kwenye mota, kawaida njano, kijani na bluu, au sensa za ndani ya mota na nyaya zake nyembamba tano. Ukisukuma chombo betri ikiwa imechomolewa na tairi "linakuwa zito linashikashika", hapo inawezekana mosfeti zimepiga shoti ndani, fundi atachomoa zile nyaya tatu nene ahakikishe hazigusani, tairi likiwa jepesi ubaya uko kwenye kontrola, likibaki zito ubaya uko kwenye mota yenyewe au breki zinashika. Umeona neno "zito" lilivyofika mbali, na halina hata harufu ya kigeni.

Tofautisha pia imekatika na imekatwa, imeungua na imeunguzwa. Ukisema waya umekatwa umeshamtuhumu mtu, fundi ataanza kuuliza nani aliufungua kabla yake.

Kwa hiyo siku ile ungesema hivi: "Fundi, nikipita kwenye tuta mota inaacha kuvuta, taa zinabaki zinawaka, baada ya sekunde kadhaa inarudi yenyewe, nikienda lami iliyonyooka haisumbui." Hujataja kontrola hata mara moja na umeshampeleka kwenye nyaya badala ya kontrola.

La mwisho, ni nyaya. Waya tumeuchukua kutoka Kiingereza lakini masikio yetu yakausikia kama wayo na nyayo, ule u- ukifanya wingi wa ny-, basi waya umechubuka, nyaya zimechubuka. Mawaya utayasikia sana gereji na utaelewa, ila ukiniandikia mimi andika nyaya kama ulivyoandika hapo juu kwenye swali lako, uliipata mwenyewe kabla hujauliza.