Shanga za Wayekuana: majibu kwa wasomaji

Wiki iliyopita nilitaja kwa kifupi muaho, kinguo cha shanga ambacho wanawake wa Kiyekuana hukifunga kiunoni kufunika mbele. Maswali yamemiminika.

Wayekuana ni akina nani? (Msomaji, Dodoma)

Ni wenyeji wa misitu ya kusini mwa Venezuela, kandokando ya mito ya Ventuari, Caura na Orinoco ya juu. Wachache wako Roraima, upande wa Brazili. Majirani zao huwasifu kwa mitumbwi ya gogo moja na vibao vya kukunia mihogo.

Shanga za kioo si zililetwa na Wazungu? Utamaduni wa asili uko wapi hapo? (Msomaji, Mombasa)

Zililetwa, ndiyo, na Wayekuana hawafichi. Wamelisimulia jambo hilo katika watunna, masimulizi yao matakatifu. Humo Wanadi, muumba, anamleta Iaranavi, mfanyabiashara mwema mwenye mali tele, akae Angostura, mji unaoitwa leo Ciudad Bolívar. Odosha, adui wa Wanadi, anajibu kwa kuwazua Fañuru, yaani Wahispania, nao wanauteka mji. Ndipo wasafiri wa Kiyekuana wanapogeuza mitumbwi kuelekea Amenadiña, ngome ya Waholanzi kwenye mto Essequibo, kutafuta vyuma na shanga. Uadui huo haukuwa wa hadithini tu: mwaka 1776 Wayekuana na majirani zao waliasi, wakaziangamiza ngome za Wahispania msituni.

Basi shanga zinabeba kumbukumbu ya nani alikuwa rafiki na nani adui. Tena kitu cha ugenini hakivaliwi hivi hivi, maana huaminika kuwa na hatari mpaka kiimbiwe nyimbo za kukitakasa. Kwangu mimi, huo ndio utamaduni wenyewe. Na sisi tusijifanye wageni wa habari hizi: misafara iliyotoka Bagamoyo ilibeba shanga za Venisi, na aliyekosea rangi inayopendwa bara alilala njaa.

Kila rangi ina maana gani? (Msomaji, Kisumu)

Jihadhari na majedwali ya "bluu ni mbingu, nyekundu ni damu". Mengi ni ya kuuzia watalii. Kwa Wayekuana, maana itafute kwenye michoro. Vikapu vyao vya duara, waja, vina michoro ya pembepembe yenye majina, mmojawapo ukiwa uso wa jagwa, yule chui wa Amerika, na michoro ya shanga ni ndugu wa hiyo.

Wanaume nao hutunga? (Msomaji, Kigoma)

Shanga ni kazi ya wanawake, pamoja na vikapu vya kubebea mihogo. Waja husukwa na wanaume.

Ninashona shanga Arusha. Naweza kujaribu mtindo huu? (Fundi)

Unaweza, dada. Shanga ndogo za kioo za Jablonec, nchini Czech, zinapendwa sana Amazoni, na mafundi wa Kimasai nao wamezizoea, kwa hiyo malighafi unayo. Kilicho tofauti ni fremu: pinda fito kama upinde, tandaza nyuzi za pamba, kisha fuma shanga mstari kwa mstari. Anza na kipande cha upana wa kiganja. Na ukiuza, andika kwamba ni kazi yako wewe, usiwauzie watu "muaho halisi".